Sare ya Bernadina

Asubuhi ya Jumatatu Bernadina alikuwa kwenye cherehani ya karibu na dirisha, katika kituo cha ufundi nyuma ya soko la Runzewe, anakunja pindo la sketi ya shule, wakati sare yake mwenyewe ilipopita nje kuelekea sekondari. Shati lilikuwa limechomekwa vizuri. Soksi zilipandishwa hadi pale ambapo magoti yangekuwa. Fagio la chelewa lilining'inia kwenye mkono wa shati. Ilisimama kando ya barabara kuu, ikasubiri malori yapite, kisha ikavuka.

"Leo imechelewa," alisema Mwalimu Eunice, anayefundisha ushonaji.

"Mama alikuwa anaipiga pasi," Bernadina akajibu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Ilianza kwenda yenyewe wiki ile aliyorudishwa nyumbani. Alikuwa kidato cha tatu, tumbo likaonekana, sare ikatundikwa msumarini. Kesho yake msumari ulikuwa mtupu, na jirani akaja kusema ameiona shuleni imesimama mstarini na wenzake. Mama yake alisema afadhali, maana ilikuwa bado mpya.

Shule haikuona tatizo. Sare haikupiga kelele wala kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Ilipochapwa ilitoa vumbi la chaki, ikarudi kukaa. Wazee wa mtaani waliisalimu "mwangaluka" kila asubuhi na haikuitikia, wakaisamehe kwa kuwa haikuwa na mdomo. Muhula ulipokwisha ilishika nafasi ya saba. Bernadina mwenyewe hajawahi kuingia kumi bora.

Ikachaguliwa kuwa mwenyekiti wa Klabu ya Jitambue, ambayo hukutana Jumatano baada ya masomo ili wasichana wafundishwe kukataa vishawishi. Mlezi wa klabu hiyo ni Mwalimu Evance, na Mwalimu Evance ndiye aliyempa Bernadina mimba. Jambo hilo lilijulikana shuleni, mtaani na parokiani. Bernadina alimtaja siku ile ile ya kwanza, akaambiwa uchunguzi unaendelea. Mtoto alipozaliwa alikuwa na masikio ya Mwalimu Evance, yale yaliyochomoza kama mishikio ya sufuria, na uchunguzi ukaendelea.

Mtoto alipoanza kutambaa, Bernadina alitaka kurudi darasani. Kushona hakukumchukiza, ila alitaka uuguzi, na huko haingii mtu bila kumaliza kidato cha nne. Kurudi kuliruhusiwa, ilitangazwa redioni na hata kanisani. Akambeba mtoto mgongoni, yeye na mama yake wakaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Otmar.

"Karibuni sana," alisema Mkuu. "Tatizo nafasi yake imekaliwa."

"Na nani?" mama aliuliza.

"Na yeye." Mkuu akaelekeza kidevu dirishani. Ng'ambo ya uwanja, darasani, sare ilikuwa imekaa dawati la tatu, imeinamia daftari.

"Mwalimu, ile ni sketi na shati."

"Mama Bernadina, ile haijakosa hata siku moja. Huyu wako hapa hajaonekana tangu mwaka jana. Ungekuwa wewe ungemwondoa yupi?"

Mwalimu Evance aliingia kuchukua chaki. "Shikamoo, mama," alisema. Mama aliitikia marahaba, kwa sababu ndivyo salamu inavyoitikiwa. Mtoto alimwangalia yule mtu hadi alipotoka.

Siku iliyofuata Bernadina aliikamata sare kabla haijafika mlangoni, akaivaa juu ya gauni lake. Kiuno kilikataa kufunga, akatia pini. Sare ilikuwa ya baridi, na ilimvuta mbele kama ng'ombe anayeijua njia ya lambo. Akakaa dawati la tatu. Mwalimu wa hisabati akaanza kuita majina.

"Bernadina."

"Nipo."

Darasa zima likageuka. Jina lile lilikuwa halijaitikiwa kwa sauti muda mrefu.

"Nani huyo ndani ya sare ya Bernadina?"

"Mimi."

"Toka humo. Unamchelewesha mwenzako."

Akaivua pale pale, akabaki na gauni. Sare ilijikung'uta, ikajifunga kifungo, ikakaa. Wasichana wawili walicheka. Mmoja alifuta machozi, halafu akaendelea kunakili.

Baada ya likizo ya Juni, sare ilianza kuchelewa kurudi siku za klabu. Bernadina aliikuta na mshono wa bega umeachia, akaushona. Wiki nyingine kifungo kilikuwa kimeng'oka, akaweka kingine. Kisha jioni moja mama yake aliilaza mezani aipige pasi, na sketi ikakataa kulala. Mama akaweka kiganja pale kiunoni. Kitu kikamsukuma kutoka ndani.

Akaitua pasi chini. "Na huyu tena," alisema.

Shule ilichukua wiki chache kuona. Sare iliitwa ofisini, ikaulizwa mhusika ni nani. Ikanyoosha mkono wa shati kuelekea chumba cha walimu. Mkuu akasema mkono usio na kidole hauonyeshi mtu, akamwita mzazi.

"Mama Bernadina, binti yako ametuangusha."

"Yupi?"

"Bernadina."

"Dawati sasa liko wazi," Bernadina alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Nipeni mimi."

"Liko wazi," Mkuu alikubali. "Lakini wewe umeachishwa jana."

"Si mnarudisha waliojifungua?"

"Tunarudisha. Ila wewe sasa ni mara ya pili, mwanangu. Kila kitu kina mpaka."

Wakarudi nyumbani watatu, mama mbele, sare nyuma, imeinamisha kola.

Mwalimu Eunice aliipokea kituoni bila maswali. Aliipa cherehani iliyokuwa kando ya Bernadina na kuionyesha jinsi ya kuingiza uzi. Ilikuwa na mkono mwepesi. Bernadina akawa anaiachia kiuno kidogo kidogo kila walipopata nafasi, na kitambaa kilipokwisha akaunga kipande kingine cha rangi ile ile. Mchana walikula pamoja, yaani Bernadina alikula na sare ikakaa.

Muhula mpya ulipoanza, Mwalimu Evance alikuja kituoni na msichana wa kidato cha pili, Aneth, mwenyekiti mpya wa klabu. Alitaka ashonewe sketi mpya, maana kulikuwa na wageni wanakuja kuikagua klabu. Mwalimu akabaki mlangoni akiongea na simu. Sare iliacha kushona.

Bernadina alichukua futi, akampima msichana kiuno.

"Klabu ikiisha, usibaki nyuma," alimwambia kwa sauti ya chini.

Aneth alicheka. "Dada nawe. Sisi tumeshafundishwa kusema hapana. Anatufundisha mwenyewe."

Bernadina alitandika kitambaa, akachora kwa chaki, akachukua mkasi. Aneth alitazama ule mstari ulivyokuwa mbali na kipimo chake.

"Mbona unaacha kitambaa kingi hivyo huku ndani?"

"Ndivyo tunavyoshona za shule yenu," alisema Bernadina, akaanza kukata.