Barafu Zilizogoma Kuganda

Nakiri kwa unyenyekevu kwamba, mwezi wa Ramadhani, kwa utani nilitia chumvi badala ya sukari katika ndoo ya juisi ya ukwaju ya shangazi Tabu. Ilikuwa itoe barafu sitini, zile za kugandishwa kwenye vifuko vya plastiki, za futari ya watoto wa madrasa, hapo Mabibo. Hakuna aliyeonja, maana sote tulikuwa tumefunga. Hadi alasiri zilikuwa bado maji ndani ya friji, na shangazi akamwita fundi wa friji, Erasmus.

"Gesi imekwisha hii," fundi alisema, akitoa koleo.

Utani ukaniishia hapo hapo, kwani friji ilikuwa nzima kabisa.

"Shangazi, ni chumvi. Ikiyeyuka kwenye maji, yanataka baridi kali zaidi ndiyo yagande."

"Jana uliniambia paka wa jirani kafaulu darasa la saba. Nyamaza."

Nikamgeukia fundi, nikampa mfuko mmoja wa juisi. "Wewe Mkristo, hujafunga. Onja tone moja tu."

Erasmus aliutazama mfuko, akaurudisha taratibu. "Siwezi kunywa mbele ya waliofunga, mdogo wangu. Mie nimelelewa."

Kisha, kwa heshima ileile, akakata bomba, na gesi yote ikatoka ikipiga mluzi.