Mkoba wa Bi Chachu

Chembeni ni nchi ndogo, ndogo hata nchi kumi kama hiyo zingekaa juu ya ncha ya sindano zisigombane, na ukuta wake si wa mawe wala matofali bali ni mwororo kama utando wa maziwa yaliyochemka, wenye milango isiyohesabika. Huku inaingia sukari na hewa, huku zinatoka taka. Katikati, ndani ya ukuta wa pili, alikaa Mwinyi Kiini, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitoka. Alikumbatia kitabu kikongwe kinachoeleza jinsi kila kitu cha nchi kinavyotengenezwa. Kitabu chenyewe hakitoki. Hutoka karatasi iliyonakiliwa, mafundi wakaisoma, wakatenda, ikachanwa. Ndiyo sheria yake, asije mtu akaitumia mara ya pili.

Sasa mtu anayekaa ndani siku zote, mwishowe husikia vishindo. Mwinyi akamwita mlinzi wa ukuta, mzee Pitio.

"Ukuta gani huu unaofunguka kutwa? Unampitisha nani?"

"Sukari, Mwinyi. Na taka."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako, Mwinyi. Kwa karatasi."

"Nionyeshe."

"Si ilichanwa?"

Mwinyi akatabasamu kama aliyenasa mwizi. Milango yote ikafungwa siku hiyo hiyo.

Matanuri, yanayochoma sukari nchi ipate nguvu, yakaanza kufifia. Mchochea moto wake, Moshi, akawa kila hatua tatu anakaa chini. Mkewe, Bi Chachu, alikuwa na mkoba wa maji makali ya kuyeyushia vilivyochakaa, vikarudi kuwa vya kutumika. Akaletewa karatasi: Yeyusha kilichozeeka, ulishe matanuri. Akaisoma, ikachanwa. Akayeyusha viti vya mafundi, kisha karakana zao, kisha tanuri la jirani. Moshi akapata nguvu za asubuhi moja. Adhuhuri amelala tena, midomo imemkauka.

Bi Chachu akamtazama, akajitwika mkoba, akaenda kubisha kwa Mwinyi.

"Nani?"

"Chachu, baba. Nimefuata kilichozeeka. Kimebaki hicho kitabu."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako."

"Nionyeshe!"

"Si ilichanwa, baba?"

 Ndani kalamu ikasikika ikikwaruza mbiombio. Labda aliandika milango ifunguliwe, labda aliandika jingine. Karatasi ikachomoza chini ya mlango, wino haujakauka. Bi Chachu alipoinama kuiokota, tone moja likatoka mkobani, likamtangulia kwenye karatasi.