Utepe wa Ngazi ya Nyuma

Mafundi wenzake walimpachika jina la Fundi Giza, naye hakulikataa kwa kuwa lilimletea kazi. Alikuwa akibandika kwenye majengo makubwa ule utepe wa kijani kilichopauka, ambao ukiuona mchana huupi hata salamu, lakini umeme ukikatika unang'aa wenyewe na kuwaonyesha watu njia ya kutokea. Mafundi wengine wakishabandika hufunga mikoba na kwenda zao. Yeye huzima taa, hukaa kwenye kidato cha juu mpaka macho yazoee, kisha hushuka ngazi nzima kwa mwendo wa kawaida. Akisita hata mahali pamoja, hubandua na kuanza upya. Wapaka rangi walimtania kwamba mwenzao kaolewa na giza. "Afadhali giza," aliwajibu, "lenyewe halina domo."

Kazi ya jengo la ghorofa kumi na mbili aliipata kwa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo hilo. Mama yao alifariki mdogo akiwa bado ananyonya, na dada akaacha shule, akambeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa mikono yenye gundi. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, ila hawasemi kwamba kitu kizito ndicho kinachovunja mgongo. Mdogo alisoma, akapata ofisi yenye kiti cha kuzunguka, na siku ya kwanza ya kazi ile alimtambulisha dada yake kwa walinzi kama "fundi wetu".

Ngazi ya nyuma ilikuwa ya zege tupu, haina dirisha hata moja. Saa sita mchana humo ndani ni usiku. Taa zake zilikuwa zinawaka kutwa. Fundi alibandika siku tisa: ukingo wa kila kidato, mishale, namba za ghorofa, na mstari ukutani usawa wa goti, kwa sababu moshi hupanda juu na watu hutambaa. Mtu pekee aliyepita pale mara kwa mara alikuwa mama wa chai, ambaye hakuiamini lifti tangu imkwamishe. Alipanda na chupa yake ghorofa kwa ghorofa, akipumzika kila kona, na hakupita bila kummiminia fundi kikombe.

"Huu nao utatusaidia nini, mwanangu?" aliuliza.

"Siku umeme ukifa, mama, utashuka na chupa yako bila kumwaga tone."

Mwezi mmoja baadaye fundi alirudi kukagua ili atie sahihi cheti cha usalama. Akakuta taa za ngazi zimebadilishwa. Zimewekwa za kujiwasha: ukipita inawaka, ukishapita tu inazima. Alisimama kimya mpaka ikazima, akautazama utepe wake. Hakuona kitu. Akaongeza mstari mmoja kwenye ripoti yake ya ukaguzi, akapanda moja kwa moja hadi ofisini.

"Nani kabadilisha taa za ngazi?"

"Mimi," mdogo wake alisema, akitabasamu. "Umeme tunaotumia umeshuka mno. Bodi imenisifu mbele ya watu."

"Umeua utepe wangu."

"Dada nawe kwa kukuza mambo!"

"Sikuzi. Utepe ule haujizalii mwanga, unakula mwanga wa taa. Taa ikikaa imewaka, utepe unashiba na kung'aa gizani masaa. Hizi zako zinaulambisha nusu dakika, basi. Ndiyo maana nimeandika humu." Akamwekea ripoti mezani. Mstari wa mwisho ulisema: taa za ngazi ya nyuma ziwake muda wote, la sivyo utepe hautafanya kazi.

Mdogo aliusoma, akainuka akafunga mlango. Hakurudi kwenye kiti chake cha kuzunguka. Alikaa chini kwenye zulia, karibu na magoti ya dada yake, kama alivyokuwa akikaa akisukwa nywele.

"Wiki ijayo bodi inakaa kunithibitisha kazini. Wakiuona mstari huu watasema nimehatarisha watu ili nisifiwe. Utoe tu, dada yangu. Nikishathibitishwa nazirudisha taa, haki ya Mungu."

"Na umeme ukikatika kabla?"

"Wiki moja? Jengo limesimama miaka ishirini, lije kuungua wiki hii?"

Fundi alijua linalompasa. Tusimtafutie visingizio: hakudanganywa wala hakulazimishwa. Alikitazama kile kichwa kilichoinama karibu na magoti yake, akamwonea huruma mtu asiyestahili. Akaandika ukurasa mpya usio na ule mstari, akatia sahihi, akapiga muhuri. Ukurasa wa kwanza mdogo aliuchana vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye mkoba wake mwenyewe, si kwenye pipa.

Wiki ikapita, mdogo akathibitishwa. Mwezi ukapita. Kila fundi alipopiga simu aliambiwa, "Dada, niko kwenye mkutano." Kiapo cha mwenye shida huisha shida ikiisha.

Mwezi wa nne tangu atie sahihi, mchana kweupe, waya uliungua ghorofa ya saba. Umeme ukakatika, king'ora kikalia, na watu wa ofisi zote wakamiminika kwenye ngazi ya nyuma. Humo ndani hata mkono wako huuoni. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, walinzi waliuzima kabla haujashika pazia. Ngazi ndiyo iliyoumiza. Kati ya ghorofa ya tano na ya nne mama wa chai alikikosa kidato, akaanguka, na waliokuwa nyuma yake wakapita juu yake bila kujua wanakanyaga nini. Nyonga ilivunjika mahali patatu. Madaktari walisema ngazi hatapanda tena.

Fundi alikwenda kumwona hospitalini akiwa amejiandaa kutukanwa. Hakutukanwa.

"Nilikuwa nautafuta utepe wako," mama wa chai alisema. "Watu wananisukuma, mimi nasema ngojeni, utawaka sasa hivi. Nikangoja."

Fundi alitoka wodini akalia nje, kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Bodi ikaunda kamati. Mwenyekiti aliwaongoza wenzake hadi kwenye ngazi, taa zikazimwa, wakakodoa macho. Giza tororo.

"Feki," mwenyekiti akasema.

"Washeni taa kwa saa moja kwanza, mzee, ndipo mzime," fundi alimwambia.

"Mama, moto haungoji saa moja." Wenzake wakacheka.

Walipoketi, alimgeukia msimamizi. "Fundi aliwahi kukuonya kuhusu hizi taa?"

"Hapana," mdogo alijibu, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. "Angenionya ningechukua hatua siku hiyo hiyo."

"Fundi, kuna mahali popote uliandika?"

Fundi alimtazama mdogo wake. Mdogo alikuwa akizipanga vizuri karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Bila karatasi nani angemwamini? Na kama angeaminiwa, mtoto aliyembeba mgongoni angelala bila kazi usiku huo. Hata pale, baada ya yote, hilo ndilo lililomfunga mdomo.

"Sikuandika," alisema.

Wakamnyang'anya leseni. Siku mbili baadaye mdogo alimpigia simu, sauti imejaa furaha. "Dada, nimekupigania! Wanataka utepe wote ubanduliwe, nikawaambia kazi hiyo apewe yule yule. Kubandua hakuhitaji leseni."

Shukrani ya punda ni mateke, na huyu alitaka ashukuriwe kwa teke lenyewe. Fundi alikuwa na tusi ulimini. Alilimeza akakubali, kwa sababu tangu siku ya kamati hakuna mtu mwingine aliyekuwa amempigia simu ya kazi.

Alianzia ghorofa ya chini kwenda juu, kila ghorofa akiibandua kutoka kidato chake cha juu. Fundi umeme alimfungia taa za ngazi zote ziwake mfululizo, apate kuona. Utepe haukutaka kutoka. Alikuwa ameubandika vizuri mno. Alikwangua kwa kisu kipana, kidato kwa kidato, kucha zikamvunjika. Siku ya tatu alasiri alikuwa ndiyo kwanza anaanza ghorofa ya saba, mlango wa ngazi ukafunguliwa, mdogo wake akaingia na viatu vyake vya kisigino. Alitupa jicho juu, akatupa chini, akatoa simu kumpigia mlinzi.

"Taa za ngazi zinawaka bure tangu asubuhi. Zima zote."

Zikazima.

Utepe ukawaka. Kuanzia ghorofa ile ya saba hadi ya kumi na mbili, kila ukingo, kila mshale, kila namba ilijitokeza kijani kibichi, ikapanda kona kwa kona. Fundi aliona viatu vya mdogo wake, pete yake, hadi kope zake.

"Kumbe unawaka," mdogo alisema polepole.

Fundi aliinuka, kisu mkononi. "Mpigie mwenyekiti aje aone. Mimi simu yangu hapokei. Mpigie, mdogo wangu, nipate kurudishiwa jina langu. Utawaka hivi mpaka usiku, ana muda wa kutosha."

Mdogo aliishika simu. Aliitazama, akatazama juu kama kuna mlango wa ghorofa uliofunguka, akairudisha simu mfukoni.

"Bandua haraka, dada," alinong'ona. "Watu wanakaribia kutoka kazini."

Fundi aliinama, akakiweka kile kisu kwenye kidato, mbele ya viatu vya kisigino.

"Bandua mwenyewe."

"Dada! Dada, tusifike huko, mimi ni mtoto wako!"

Hakugeuka. Alishuka vidato vilivyobaki vya ghorofa ya saba kwa hatua za kawaida, kila kimoja akikiona wazi. Kisha utepe ukaisha. Ghorofa sita zote za chini alikuwa ameshazibandua kwa mikono yake, hakubakiza hata kipande. Akanyoosha mkono akautafuta ukuta, akaendelea kushuka kwa kupapasa, huku mdogo wake akimwita kutoka kule kwenye mwanga.