Mzigo wa Mwenzio

Ilipofika saa nne asubuhi, Émérance alikuwa amefunga mzigo wake mara tatu na kuufungua mara tatu. Kila akikaza fundo la mwisho aliona kitu hakikukaa sawa: sufuria inagonga kidumu cha maji, blanketi limevimba upande mmoja, au ule mfuko mweupe wa chini umeanza kuchungulia. Huo mfuko mweupe ndio uliomnyima raha. Ndani yake mlikuwa na kilo kumi za chumvi, na tangu atoke Kasongo hakuwa amemwambia mtu.

"Mudogo wangu, hii muzigo utaiua mbele ya kupanda mulima," Djamali alimwambia kutoka kwenye gogo alilokalia, akikata ukanda wa mpira kutoka tairi kuukuu. "Uiache ipumuzike."

Kupumzika! Watu waliotulia wana kazi moja tu duniani, kuwaambia wenzao watulie. Émérance alicheka kidogo kwa heshima, akaanza kufungua mara ya nne.

Walikuwa watu kumi na wawili uani kwa mzee Bulaimu, kiongozi wao, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka kijiji cha Wamaza, chini kabisa ya mlima. Wengine walitoka Kasongo, wengine Kabambare mjini, Wakristo kwa Waislamu. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, vita ilipofika vijijini, wao na wazazi wao walikimbilia juu ya mlima huo, wakaishi huko miezi mitano kwa mizizi na maji ya mvua. Sasa kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, waliobaki hupanda tena, hulala juu siku moja, huwaombea waliozikwa huko, kila mtu kwa dini yake, kisha hushuka. Mwaka huu mvua iliwafungia uani siku mbili. Siku mbili za kutazama mawingu na kula ugali, na moyo wa Émérance ulikuwa hautulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Yeye alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza. Wakati wa kukimbia alikuwa na miaka saba, mguu umevimba kwa mwiba, hawezi kukanyaga. Mama yake akambeba yeye mgongoni, na mdogo wake wa miaka miwili, Fidèle, akamkabidhi kijana mmoja wasiyemjua aliyekuwa anapanda na gunia la chumvi. Kesho yake kijana alionekana juu na gunia. Mtoto hakuonekana. Na kabla mama hajamkamata kumuuliza, kijana naye akatoweka.

Mama alifariki mwaka jana huko Kasongo, na katika siku zake za mwisho hakuzungumzia shamba wala nyumba. Alisema tu, "Alichagua chumvi." Émérance alibaki na maneno hayo kwenye cherehani yake kutwa nzima, sindano ikipanda na kushuka, hadi akaona atarukwa na akili. Ndiyo maana alikuja. Atamtafuta mtu huyo, atamwaga chumvi miguuni pake mbele ya wote, amwambie: haya, chumvi yako hii, nipe mtoto wetu. Lilikuwapo na jambo jingine, ambalo hata kwa padri hakulisema. Kama mguu wake usingevimba, mama angembeba Fidèle.

Ubaya ni kwamba alikuwa ameanza kuwapenda watu hawa.

Djamali ndiye aliyemleta kwa pikipiki kutoka Kasongo, siku mbili za matope. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, mdomo haupumziki. Pikipiki ilipozama hadi kwenye injini, alivusha mizigo yote peke yake, akarudi kumshika Émérance mkono, huku akimsimulia jinsi mbuzi wa jirani yake alivyokula karatasi za kura. Walipofika Kabambare, nyumbani kwake, aliangalia viatu vya Émérance, akacheka mpaka akashika tumbo. "Hivi ni viatu vya kwenda misa! Mulima itavikula mara moja." Akaingia ndani akatoka na bote za mke wake, viatu virefu vya mpira. Akamwonyesha namna ya kuzijazia nyasi kavu usiku ili zisinuke unyevu, na namna ya kufunga ukanda wa mpira katikati ya wayo ili asiteleze. Siku ya kwanza Émérance alimwita baba Djamali. Siku ya pili akajikuta amemwita yaya, kama kwao wanavyomwita kaka, na neno likakaa mdomoni vizuri. Hakuwahi kuwa na kaka mkubwa.

Na mama Célestine, muuza mchele wa Kabambare, ndiye aliyewapikia. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake. Katika siku hizo mbili aliwapandisha wanawake kilima cha nyuma ya nyumba na kuni kichwani, kupima magoti, na aliyelalamika aliongezewa kuni. Émérance alipanda na kushuka karibu naye, akitafuta nafasi.

"Mama, ule mwaka, haukuona kijana mumoja mwenye gunia ya chumvi?"

"Mwanangu, ule mwaka mimi nilikuwa naona visigino vya mutu wa mbele yangu, basi. Panda!"

Aliwauliza wengine vilevile, mmoja mmoja, kwa kuzungukazunguka, isipokuwa Djamali, maana yaya hashukiwi. Ulikuwa na miaka mingapi? Ulipanda siku gani? Ulibeba nini? Walimjibu kwa wema, na kila mmoja alipojibu, Émérance alimwangalia mikono, akijiuliza kama ndiyo hiyo. Halafu alikula naye sahani moja. Ilikuwa inamchosha kupita kilima.

Mchana ule sombe, kisamvu cha huko, ilipoiva, Célestine alichota kwanza bakuli moja, akaliweka kando, ndipo akatia chumvi kwenye sufuria.

"Ile ni ya Djamali," alisema. "Ati tension ya damu."

"Munganga wa hospitali alikataza," Djamali alisema, akipokea bakuli lake.

"Tension gani ya tangu ujana? Tangu nikujue, haujalamba chumvi hata siku moja. Mke wako anavumilia mengi!"

Watu walicheka, Émérance naye akacheka. Akili yake ilikuwa kwenye mawingu, ambayo mwishowe yalikuwa yameanza kufunguka.

Jua lilipotoka, mzee Bulaimu alipiga makofi, akaweka kikapu katikati ya ua. Alikuwa mzee wa miaka themanini, mgongo umepinda, lakini sauti bado ya kuamrisha.

"Tunapanda sasa. Kila mutu atupe kandambili moja humu."

"Ya nini?" Émérance alimnong'oneza Djamali.

"Kubadilishana mizigo. Hawakukuambia?"

Hawakumwambia. Kwao lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka. Katika mlima huu hakuna apandaye na mzigo wake mwenyewe. Walianza hivyo mwaka wa kwanza waliporudi, maana wakati wa kukimbia kila mmoja alishikilia chake, na vya wenzao vikaanguka njiani. Mzee huchomoa kandambili mbilimbili, na wenye kandambili hubebeana. Kila mmoja hufungua mzigo mbele ya atakayeubeba, anataja kilichomo, na ni cha nani.

Émérance aliuvuta mzigo wake karibu. Alipanga kumwaga chumvi juu mlimani, siku atakayokuwa amekwisha kumjua mtu wake. Hakupanga kuifungua hapa, hajui hata amtazame nani.

"Mzee, mimi nitabeba yangu. Siyo nzito."

"Basi utabaki hapa na kuku," mzee alisema, akaingiza mkono kikapuni.

Kandambili yake ya bluu ilitoka pamoja na ya Djamali. Alishukuru Mungu kidogo. Angalau ni yaya.

Walipiga magoti wakitazamana, mizigo katikati, watu wamewazunguka. Émérance alifungua. Akatoa blanketi, sufuria, kidumu, akitaja kimoja kimoja. Kisha akashika mfuko mweupe. Alijisemea kwamba ameshaingia, na mtu aliyeingia mtoni haangalii nguo.

"Hii ni chumvi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kilo kumi. Siyo yangu. Ni ya mutu mumoja mwenye alipanda hapa na gunia ya chumvi, akaacha mudogo wangu Fidèle mu njia. Kama iko hapa, nataka nimumwagie chumvi yake ku miguu."

Célestine alishika kinywa. Émérance alizungusha macho, uso hadi uso, akitafuta, na wa mwisho kumfikia akawa huyu aliyepiga magoti mbele yake. Djamali alikuwa ameangalia mfuko. Ule mdomo usiopumzika ulikuwa umefumbwa.

"Haikuwa kumi," alisema polepole. "Ilikuwa makumi mbili."

Émérance alielewa, na hakutaka kuelewa. Bakuli la sombe. Bote za mke wake. Mkono uliomshika kwenye matope.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Djamali aliendelea. "Nilibeba wote wawili, mutoto na gunia, mpaka kwa lile jiwe kubwa la mu njia. Nguvu ikaisha. Ilibidi nipandishe moja, nirudie ingine. Mvua ilikuwa inakuja. Nikasema: chumvi itayeyuka, mutoto hawezi kuyeyuka." Aligusa mfuko mweupe kwa kidole. "Nilianza na chumvi. Nilimufunika mutoto na shati yangu, chini ya jiwe, fasi, pahali haina maji. Niliporudi, baridi ilikuwa imemumaliza. Nilimuzika palepale. Kwa mama yako nilishindwa kufika. Nilikimbia."

"Chumvi ni mimi nilimupa," mzee Bulaimu alisema. Sauti ya kuamrisha ilikuwa imemwishia. "Nilimuambia isiguse maji, watu mia wanaingojea. Kama unamwaga, umwage na kwangu."

Siku zote Émérance alifikiri akimpata mtu wake atapiga kelele. Kelele hazikutoka. Hasira ilikuwapo, nyingi, imemjaa mpaka kooni, lakini ilikosa pa kumwagikia.

"Nilikuita yaya," alisema tu.

Kwa kuwa desturi ni desturi na zamu ilikuwa yake, Djamali alifungua mzigo wake mwenyewe. Palikuwa na turubai, mkeka wa kuswalia, na jembe dogo, mpini umefupishwa kwa panga.

"Hii ni kajembe," alisema kwa sauti ndogo. "Iko fasi moja chini ya jiwe, nasafishaka kila mwaka. Majani inaota haraka."

Wanawake wawili walianza kulia. Célestine alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akageukia mzee. "Wabadilishie, mzee. Mimi nitabeba ya Émérance."

Mzee alimwangalia Émérance. Wote walimwangalia. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kumwaga chumvi palepale na kuanza safari ya Kasongo kwa miguu, na hapo pia wasingemlaumu. Alifikiria mguu wake wa miaka saba, mkubwa kama boga, na mgongo wa mama yake. Mama naye alikuwa na wawili, akambeba mmoja.

"Hapana," alisema. "Atabeba hii hii chumvi. Na mimi nitabeba kajembe. Yeye atanionyesha fasi."

Walianza kupanda saa nane. Djamali alitangulia, mfuko mweupe umefungwa juu kabisa ya mzigo, kwa sababu Émérance mwenyewe ndiye aliyeufunga na alitaka auone. Njia ilikuwa ya utelezi. Bote hazikuteleza, ule ukanda wa mpira ulishika kila hatua, na jambo hilo lilimwudhi, maana alitaka kumchukia mtu kwa ukamilifu na miguu yake ilikuwa inamshukuru. Jembe lilimgonga ubavuni kila akipinda.

Kwenye pumziko la kwanza kila mtu alitua mzigo na kunywa maji. Djamali peke yake alibaki amesimama, ameshika mti, mzigo mgongoni, jasho linadondoka kidevuni.

"Djamali, tua basi," Célestine alimwambia, kama alivyomwambia kila mwaka. "Unataka kufa?"

Alitikisa kichwa. "Mimi situaka," alisema. "Tangu ule mwaka, mimi situaka mpaka nifike juu."

Émérance alimwona mtu wa miaka arobaini na kidogo, na chini yake kijana wa miaka kumi na saba ambaye hakuna mtu aliyemsaidia kubeba. Aliweka jembe chini, akaenda nyuma yake, akaingiza mikono yote miwili chini ya mzigo na kuuinua mpaka uzito ukamwingia yeye mabegani.

"Tua, yaya," alisema. "Nimeishika."