Jina la Msichana wa Pili

Njoki wa kijiji cha Giakanja alipopata ujumbe siku ya Alhamisi kwamba bintiye Murugi amejifungua msichana, hakuuliza mtoto anaitwa nani. Angeuliza ya nini? Tetu nzima, huko Ukikuyuni, inajua kwamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na wa pili huchukua la mama wa mama. Wa kwanza aliitwa Watiri, jina la mamake Gatimu, mume wa Murugi. Huyu wa pili, basi, alikuwa Njoki hata kabla hajafumbua macho.

Asubuhi iliyofuata alipeleka maziwa akitembea kwa madaha kama bibi harusi. "Nimezaliwa!" alimwambia karani wa maziwa. Akamwambia fundi wa viatu, akamwambia hata jirani yake, mke wa Kingori, ambaye hawakuwa wakisalimiana tangu ng'ombe wa Kingori avunje ua wa Njoki na kula mahindi. Wahenga walituonya tusikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto huyu alikuwa keshazaliwa, kwa hiyo Njoki alikata kanzu na akashona.

Msimcheke. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, na Murugi ndiye mtoto wake wa pekee. Miaka minane sasa Murugi na Mchungaji Gatimu walikuwa wamisionari kusini mwa Madagaska, mume akihubiri na mke akiwa muuguzi. Njoki aliijua nchi hiyo kwa simu tu: wali asubuhi, wali mchana, wali jioni. Watiri, aliyeondoka akibebwa mgongoni, sasa hakujua Kikuyu zaidi ya "Cucu", yaani nyanya, na hilo nalo alilitamka kama anayeonja dawa. Hamu ya Murugi ilimkuta Njoki akikamua, ikamkuta akichuma majani chai. Jioni nyingine alijikuta amepika chakula cha watu wawili. Lakini sasa, kila wakimwita mtoto kule, watakuwa wanamwita yeye.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kanisa walimletea itega: kuni, ndizi na uji wa wimbi, vile anavyopelekewa mama aliyejifungua.

"Mzazi hayuko, lakini mwenye jina yuko!" alisema kiongozi wao, Mama Wamae, akitua mzigo wa kuni uani.

Simu ikalia, Murugi anapiga kwa video. Njoki akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Alitaka kuanza kuionja furaha hiyo peke yake.

"Maitu," alisema Murugi, macho yamemvimba. "Iko kitu nataka kukuambia, na usikasirike."

"Mtoto ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni mambo ya jina. Unakumbuka Soa?"

Njoki alikumbuka. Soa alikuwa mkunga mzee wa kijiji cha kule Madagaska, mtu wa kwanza kuwafungulia mlango mwaka walipofika, wengine walipowaachilia mbwa.

"Ndiye amenizalisha. Yeye hakuwahi kupata mtoto. Nikamwambia ile desturi yetu, ati kwetu mtu akipewa mtoto jina, huyo mtu amezaliwa tena. Maitu, alilia mpaka nikaogopa. Miaka nane tumehubiri hapa na sijawahi kumwona akilia."

"Kwa hivyo umempa."

"Bado. Gatimu amesema jina ni yako, ni wewe utasema. Ukisema Njoki, ni Njoki."

"Utazaa mwingine?"

Murugi akatikisa kichwa. "Niko na miaka arobaini na tatu. Huyu alikuja kwa neema tu. Daktari amesema basi."

Njoki aliona wivu, tena wivu mchungu. Kikongwe asiyemjua alikuwa na Murugi kila siku, alimwosha mjukuu wake kila siku, na sasa achukue na jina? Neno "Njoki" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Nionyeshe huyo mama," alisema.

Murugi akageuza simu. Kikongwe mwembamba alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, mtoto amemlaza juu ya mapaja akimpaka mafuta. Hakujua anatazamwa. Alimwongelesha mtoto polepole, akasita, akaanza tena.

"Anasema nini?"

"Anamwita 'mtoto', tu hivyo. Anangoja tumwambie jina."

Njoki alitazama ile mikono kwa muda mrefu. Ilikuwa mikono mizuri, na jambo hilo lilimuuma.

"Mwambie anaitwa Soa."

"Maitu..."

"Mwambie sasa, kabla sijageuka."

Alimsikia bintiye akisema maneno ya kigeni. Hakungoja kuona uso wa yule mama. Akakata simu.

Uani Mama Wamae alikuwa ameshamjazia kikombe cha uji. "Haya! Njoki mdogo anasemaje?"

"Anaitwa Soa."

"Ati nani? Soa ni wa mbari gani?"

"Ni mama mmoja wa huko. Hana mtu."

Mama Wamae akaweka kikombe chini. "Na wewe?" aliuliza taratibu.

Njoki alitafuta neno la kanisani la kujibu, neno la kutoa na kubarikiwa. Halikuja. Siku alipomtoa Murugi kwenda misheni, kanisa zima lilisimama likaimba, naye akawapita wote kwa sauti.

"Mimi nimeisha, Mama Wamae," alisema, akaketi juu ya kuni zake akalia, na safari hii hakuna aliyejua aanzishe wimbo gani.