Maji ya Muthoki

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Kanyiva aliegemeza simu kwenye birika, akaweka karai chini ya mikono ya bintiye, kisha akatoka nje. Simu ililia. Hasina, mshauri wa vijana anayefanyia kazi nyumbani kwake Mwingi, akauliza, "Muthoki, wiki imeendaje?"

"Poa tu," alisema Muthoki. Karai lilikuwa limefika nusu.

Alikuwa kidato cha tatu. Wengine wakiwa na wasiwasi viganja hulowa, vyake vilitiririka. Ilianza siku alipoambiwa asome mbele ya darasa, na mwalimu akamtuma nje akaanike kitabu. Nesi wa shule aliyaonja maji yale, akasema hayana chumvi, akaomba ya chupa moja. Hapa karibu na Mutomo maji ya kisima yana chumvi mpaka ukitia maziwa chai inakatika, kwa hivyo mitungi ya majirani ilianza kupangwa langoni kwao wiki hiyo hiyo. Watu wa mradi wa bomba nao walikuja, wakanywa, wakaandika kwamba kijiji kina maji, wakaenda zao.

"Unatamani nini hasa?" Hasina alimuuliza.

"Nisalimie mtu kwa mkono, na asijifute."

Hasina alimfundisha kupumua polepole. Alimwambia asome kwa sauti, kwanza mbele ya mbuzi, halafu mbele ya mama. Mbuzi walisikiliza vizuri kuliko darasa. Wiki ya sita mikono ilishinda mikavu, na Muthoki akaenda dukani kwa Mulinge, akamsalimia. Mulinge aliushika mkono, akauliza habari za shule, wala hakujifuta. Muthoki alirudi nyumbani ameufumba mkono ule, na furaha ilimjaa mpaka akashindwa kula.

Jioni hiyo mitungi ilirudi makwao mitupu.

Mulinge alikuja kesho yake baada ya kanisa. Hakuja na ugomvi. "Mama Muthoki, hatusemi asipone. Tunasema angojee mvua."

Tangu hapo majirani walimjulia hali kwa upole sana. "Mtihani ni lini, mwanangu?" "Nasikia siku hizi matokeo yanasomwa mbele ya wazazi wote, ni kweli?" Muthoki alijibu kwa adabu, na mitungi ikajaa.

Jumamosi iliyofuata Hasina alituma fomu ya awamu ya pili ya ushauri. Mwanafunzi hajafika miaka kumi na minane, kwa hivyo mzazi abonyeze "Nakubali" kabla ya saa sita.

"Mwaitu, bonyeza," Muthoki alimwambia mama yake.

Kanyiva alitazama langoni. "Nitabonyeza, mama. Mvua ikinyesha."

"Inafungwa leo."

Kanyiva alimpenda mtoto wake, hilo halina ubishi. Alimpangusa uso kwa leso, akambusu kichwani, akaenda kumfungulia Mulinge.

Muthoki akabonyeza mwenyewe. Kioo cha simu hakisikii kidole chenye maji. Alijifuta kwenye sketi, akabonyeza. Alijifuta kwenye pazia, akapumua polepole alivyofundishwa, akabonyeza tena. Zilibaki dakika mbili, na maji yalikuja kwa nguvu kuliko siku zote, safi kabisa.

"Asante sana, Muthoki," alisema Mulinge, akasogeza mtungi wa pili.