Gari la Marehemu Haliuzwi

Tangu Mama Mikate aweke matairi mapya, gari lake lilikuwa kama lina homa. Mitaani lilitulia kama kondoo, lakini likishika barabara kuu na mshale ukagusa themanini, usukani ulimtetemekea mikononi mpaka bangili zikalia. Kule nyuma trei za mikate ziligongana kama meno ya mtu mwenye baridi.

"Si nilisema?" alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, siku alipopanda naye. "Gari limechoka. Mtu wa kulinunua ninaye. Mjane utahangaika na vyuma mpaka lini?"

"Mpaka Mungu aseme basi."

"Mungu hatengenezi magari, shemeji."

"Wala hajakutuma uliuze."

Tanuri lilikuwa uani kwake, maduka yalikuwa mbali. Gari likienda, na tanuri limezimika. Mama Mikate akavuta pumzi.

"Kesho panda tena. Likitetemeka, ufunguo nakukabidhi kwa mkono wangu. Lisipotetemeka, neno la kuuza lisivuke tena kizingiti changu."

Shemeji akacheka mpaka magego yakaonekana. "Haya. Usafishe na viti kabisa."

Alipomshusha tu, akageuza gari mpaka kwa fundi wa matairi. Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu nje.

"Fundi, toka huko uniangalie usoni."

"Matairi yako ni mazima, mama."

"Sijasema mabovu. Gari linatetemeka, na kabla ya mkono wako halikutetemeka."

"Barabara hizi, mama..."

"Barabara ni ile ile tangu nikiwa bibi harusi."

Fundi akarudi uvunguni. Mama Mikate hakugombana. Alikaa juu ya rundo la matairi makuukuu, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti: "Ee Mungu, mfungue kinywa fundi huyu aliyelala chini ya lori. Unamjua, Baba, ni huyu mwenye viatu vilivyotoboka..." Wateja wakageuza shingo. Mmoja akaitikia amina.

"Basi, mama, basi! Nasema!"

Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaonyesha vipande vidogo vya madini ya risasi vilivyobanwa ukingoni mwa rimu.

"Hivi ndivyo vinavyosawazisha gurudumu. Tairi likibadilika, vinatolewa, gurudumu linapimwa upya. Nilitaka kuvitoa. Nani alinikataza?"

Mama Mikate akakumbuka. Ni yeye. "Hivyo alivigonga marehemu kwa nyundo yake," alikuwa amemwambia. "Usiviguse."

"Vilipimwa kwa matairi ya zamani," fundi akasema taratibu. "Ni sawa na kumpa mgonjwa huyu dawa ya mgonjwa yule. Nikaona haya kubishana na mjane."

"Siku nyingine bishana. Lete koleo."

Hakutaka mkono mwingine uvitoe. Alivibandua mwenyewe, kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la ushungi wake. Ndipo akamwachia fundi magurudumu, naye akayapima moja baada ya jingine, akabana risasi mpya.

Asubuhi shemeji alikuja na suruali nyeupe, kama mtu aendaye kupokea mali. Mama Mikate akampa kikombe cha chai, kimejaa pomoni.

"Ya nini hii?"

"Shika. Gari likitetemeka, suruali itatoa ushahidi."

Wakaingia barabara kuu. Sitini. Sabini. Themanini. Usukani ulitulia kama mtoto aliyeshiba. Bangili kimya. Mama Mikate hakuondoa mguu. Akalipita lori, akalipita na basi, huku shemeji akikanyaga sakafu kutafuta breki isiyokuwepo. Chai ikaruka, ikatua pajani.

"Umeona! Linatetemeka!"

Mama Mikate akaachia usukani, akaubakizia kidole kimoja. Ukanyooka vilevile.

"Gari hili hapa, nalishika kwa kidole. Inayotetemeka ni mikono yako."

"Punguza, shemeji, tutakufa!"

"Neno la kuuza?"

"Limekwisha! Nimesema limekwisha!"

Akapunguza. Akagusa fundo la ushungi, akasimama mbele ya duka la kwanza na kufungua mlango wa nyuma.

"Shuka ushike trei. Mikate inapoa."